Barabara Iliyovimba

Wanafunzi walimwita Mama Chokaa, naye hakulichukia jina hilo. Kwa miaka ishirini na sita profesa huyu alihangaika na jambo moja: namna ya kuufanya udongo mweusi, ule unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, ubebe magari. Dawa yake ilikuwa chokaa. Unaichanganya na udongo, unamwagia maji, unashindilia, na baada ya wiki chache tope limekuwa gumu kama tofali. Aliandika mwongozo wa kurasa arobaini, na wahandisi wa barabara walitembea nao kwenye magari yao mpaka majalada yakachakaa.

Asubuhi moja, akiwa anakunywa chai, mdogo wake alimpigia simu. Alikuwa dereva wa lori.

"Dada, ile barabara ya hospitali imevimba."

"Imepasuka, unataka kusema."

"Nimesema imevimba. Imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Nimepita pale nikagonga kichwa kwenye paa. Halafu yule mwanafunzi wako aliyeisimamia, kumbe wamemsimamisha kazi. Wanasema kaiba chokaa, kaweka kiganja badala ya gunia."

Profesa aliweka kikombe chini. Alimfundisha mhandisi huyo miaka minne. Alikuwa mtu wa kuhesabu mara tatu, kisha amwombe mwenzake ahesabu ya nne. Habari ya wizi haikumwingia akilini.

Kesho yake alikwenda kwenye barabara hiyo pamoja na fundi wake wa maabara, mzee mwembamba aliyeitwa Chekeche kwa kuwa alikuwa ameumalizia ujana wake akichekecha udongo. Walikata lami juu ya nundu moja, wakachimba. Chekeche alidondoshea shimo dawa yake ya kupimia. Udongo ukageuka rangi ya waridi.

"Chokaa ipo, Profesa. Ipo tele."

"Basi mtu wetu hakuiba."

"Hakuiba." Lakini mzee hakuinuka. Alikuwa ameshika bonge la udongo, akiligeuzageuza juani. Ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe zilizometa kama sukari. "Hizi unazikumbuka?"

Profesa alizikumbuka. Katika mwaka wa pili wa utafiti wake, sampuli tatu kati ya mia zilikuja na chembe kama hizo, na zilipotiwa chokaa zilivimba zikapasua makopo. Chekeche alikuja mbio kumwonyesha. Yeye siku hiyo alikuwa na mkutano unaomngoja na mtoto mgonjwa nyumbani. Alimjibu bila kuinua macho: "Zitupe. Zitatuharibia mchoro wa matokeo."

Sasa walijifungia maabara wiki mbili. Chembe zile zilikuwa chumvi ya ardhini. Zikikutana na chokaa na maji, hazitulii. Hukua, na kinachokua chini ya barabara huiinua barabara. Katika kurasa zote arobaini za mwongozo hapakuwa na neno hata moja juu yake.

Mkuu wa idara alimsikiliza, kisha akafunga mlango.

"Dada yangu, imebaki miezi mitano ustaafu. Ya nini kujipalia makaa? Andika tu kwamba chokaa ilitosha. Jamaa ataponea hapo."

"Wakiuliza kwa nini ilivimba?"

"Mambo ya udongo anayajua Mungu."

"Mimi ndiye niliyelipwa mshahara niyajue."

Mbele ya kamati ya uchunguzi alisema yote, na makopo yaliyopasuka akayataja. Mwenyekiti alivua miwani. "Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Ni langu. Mhandisi alifuata mwongozo wangu neno kwa neno. Angeupuuza, barabara ingekuwa nzima."

Mhandisi alisafishwa jina. Profesa, kwa upande wake, alisikia kwamba ile kazi ya ushauri aliyoahidiwa baada ya kustaafu imepata mtu mwingine. Wenzake wawili watatu walianza kumsalimia kwa mbali, kama mtu mwenye mafua.

Hakutaka mwanafunzi wake apate habari kwa barua. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwao. Mlango ulifunguliwa na mama yake.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwezi mzima mwanangu anaitwa mwizi. Majirani wananisalimu huku wanashika mikoba yao."

"Nimekuja kuomba radhi."

Mama alisogea, akamwachia nafasi ya kupita.

Mhandisi alikuwa mezani, amezungukwa na makaratasi ya hesabu zilezile za chokaa, zimeandikwa na kufutwa mpaka karatasi zimetoboka. Profesa alimweleza tangu mwanzo, bila kujitetea. Alipomaliza, mhandisi akasema, "Mwalimu, nilifika mahali nikajiuliza labda niliiba kweli, nikasahau."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha profesa kikageuka kilio, na ni yule mama aliyemletea maji.

Miezi mitano iliyobaki hakufungasha vitabu. Aliomba kipande cha barabara ileile iliyoharibika, akakigawa mara nne, na mhandisi, aliyerudishwa kazini, akawa msimamizi. Safari hii walitia chokaa na maji mengi, wakauacha udongo uvimbe mpaka uchoke, ndipo wakauchanganya upya na kuushindilia. Mwongozo mpya ulianza na kupima chumvi, na jina la Chekeche liliandikwa kwenye jalada sambamba na la profesa. Mzee alilitazama akasema wamekosea herufi moja. Kweli walikuwa wamekosea.

Mvua zilipokwisha walikwenda kupima. Profesa alikuwa amekwisha kustaafu, hana gari la chuo. Alifika kwa miguu kutoka kituoni. Vipande vitatu vilikuwa vimetulia. Cha nne kilikuwa kimeinuka kidole kizima.

"Sasa tuseme nini?" aliuliza mhandisi.

"Tuseme vitatu vimetulia na kimoja kimetushinda," alisema profesa. Akavua viatu, akashuka mtaroni kuchukua udongo.