Joto Lililosingiziwa

Jana mchana, tumbo likiwa limejaa wali wa nazi na samaki wa kupaka, Mwalimu Nyagaka alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni kwa bintiye huko Tudor, Mombasa, akaota ndoto ambayo hadi leo hajui aiite ndoto au safari.

Mwalimu ni mstaafu wa Keroka, kule milimani ambako sweta huvaliwa mwaka mzima. Alifundisha jiografia miaka thelathini na moja, lakini pwani ndiyo kwanza aione. Kesho yake asubuhi alikuwa na basi la kumrudisha kwao. Kwa siku tatu bintiye, Kerubo, alimlisha vizuri, akamtembeza, akamheshimu. Ila alizungumza naye kama mtu anavyozungumza na mkaguzi wa shule. Sababu waliijua wote wawili. Kerubo alipoolewa, miaka mitatu nyuma, baba yake hakuja. Alituma barua.

Basi Mwalimu yuko usingizini, mlango unafunguka, Joto linaingia. Halipigi hodi. Ni zee nene lenye kikoi na miwani, na nyuma yake unakuja Unyevu, umebeba faili lililolowa hata karatasi hazibanduki.

"Mwalimu, huniamkii?" linasema Joto. "Mimi nilikuwa hapa kabla ya babu zako."

"Shikamoo."

"Marahaba. Inuka. Una kesi."

"Na nani?"

"Na mimi. Umenisingizia mbele za watu."

Unyevu unabandua karatasi, inachanika, unabandua nyingine. Ni barua ya Mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Joto linasoma: "'Mwanangu, ningependa sana kuja harusini, ila daktari amenikataza. Joto la huko litaniua.'" Linaikunja taratibu. "Barua hii ilisomwa kwenye kipaza sauti. Nami nilikuwepo, nimealikwa, nimekaa viti vya nyuma na sahani yangu ya pilau. Watu mia mbili wakageuka kunitazama. Umewahi kuitwa muuaji ukiwa na pilau mdomoni?"

Mwalimu anasema hajawahi.

"Tangu siku ile bintiyo hunitazama vibaya kila anapofungua dirisha."

Wanatoka. Mlango wa sebule, ambao asubuhi ulitokea kwenye ngazi, sasa unatokea barabarani chini ya zile Pembe kubwa nne ambazo kila mgeni wa Mombasa hupigia picha. Karani ni kunguru. Anakohoa, anatangaza: "Mahakama ikae."

"Hatukai," zinasema Pembe. "Tulisimamishwa, na hakuna aliyetuambia tukae."

Kwa hiyo kila mtu anabaki wima, na magari yanapita katikati ya mahakama.

"Nyinyi ni pembe za ndovu kweli?" anauliza Mwalimu, maana ualimu hauishi.

"Ni mabati."

"Basi nanyi ni uongo."

"Ni kweli," zinajibu bila kukasirika. "Lakini hatujamsingizia ndovu yeyote."

Shahidi anaitwa. Shahidi ni Ngome ya Yesu, na kwa kuwa Ngome haiwezi kutembea, mahakama inaifuata. Mwalimu anapiga hatua moja tu, tayari yumo ndani ya kuta zake za mawe ya matumbawe, jua limemsimamia utosini. Ngome inaongea polepole, kama mzee asiyesikia vizuri.

"Mimi nilizingirwa karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walikufa kwa njaa, wakafa kwa maradhi, wakafa kwa risasi. Niliwasikia wakilalamika kutwa kucha. Walimlaumu mfalme wao, wakalaumu meli zilizochelewa, wakalaumiana wao kwa wao. Joto hawakulitaja."

"Labda walisahau," anasema Mwalimu.

"Labda," inasema Ngome. "Walikuwa na shughuli."

Kunguru anasoma hukumu kutoka juu ya mzinga: mshtakiwa avuke Likoni. Mwalimu anashusha pumzi. Kuvuka maji si adhabu kubwa. Anageuka, na kivuko kiko mbele yake, kimefungua mdomo ufukoni.

"Unavuka na nini?" kinauliza kivuko.

"Sina mzigo."

"Una uongo wa miaka mitatu. Huo hapo, mkono wa kushoto."

Mwalimu anatazama. Kweli ameshika kitu cheusi, kizito kama jiwe la kusagia, na vidole vyake havifunguki.

"Mimi napakia malori, mikokoteni, mbuzi, na watu elfu moja wasiosalimiana," kinasema kivuko. "Huo siupakii. Useme, utaanguka wenyewe."

Nyuma yake foleni imefika hadi barabarani. Mwanamke mwenye kapu la maembe anamgusa bega. "Sema basi, baba. Twachelewa."

Mwalimu anasema. Anasema siku ile alivaa suti, akafika stendi ya Keroka, akakata tiketi. Mama yake Kerubo alikuwa amefariki mwaka uleule. Akawaza kwamba akienda kumwoza, atarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Akaona asipomwona akiolewa, pengine atakuwa hajaolewa. Akarudi nyumbani, akavua suti, akaandika joto.

Unyevu unaandika maneno hayo na wino unasambaa ukurasa mzima. Joto linavua miwani, linaifuta kwa kikoi.

"Kumbe hata hukuniogopa," linasema, na kwa sauti yake inaelekea limeudhika kidogo.

Vidole vya Mwalimu vinafunguka, uongo unaanguka, naye anapanda; kivuko kinanguruma, kinaondoka. Wimbi linapiga ubavuni, linamlowesha Mwalimu mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko.

Akazinduka. Kerubo alikuwa amesimama juu yake na gilasi ya maji ya ukwaju.

"Umelowa, Baba. Joto hili."

"Joto halina kosa," alisema Mwalimu.

Akaketi, akamweleza yote tena: suti, stendi, nyumba isiyo na mtu. Safari hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu hapakuwa na foleni ya kumsukuma. Kerubo alimsikiliza mpaka mwisho, gilasi ingali mkononi.

"Nilijua si joto," alisema.

"Ulijuaje?"

"Harusi ilikuwa Julai, Baba. Kulikuwa na manyunyu, wageni wamejifunika mitandio. Mwalimu mzima wa jiografia."

Mwalimu akainamisha kichwa. Kerubo akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afike, kisha akafuta macho kwa ncha ya leso na kumpa gilasi.

"Basi la kesho liache liende," alisema. "Sasa vua shati nilianike."

Akaenda nalo kibarazani.

"Baba," aliita kutoka huko, "mlango nilifunga kwa ufunguo, na ufunguo ninao mimi."

Akarudi ameshika shati lililonuka dizeli. Kwenye mkunjo wa mkono wa kushoto palikuwa na uzi wa mwani, bado mbichi.

Mwalimu akautazama, akanywa ukwaju.

"Nilifika Likoni mara moja," alisema. "Sikukaa."