Mkwaruzo wa Upande wa Pili

Santuri ya seremala ilipindwa na jua la dirishani, na aliyeisahau pale ni mkewe mwenyewe. Alijilaumu hadi akakonda. Maradhi ya kusahau yalikuwa yakimla mumewe kidogo kidogo, ila muziki wa roki wa kizamani uliokuwa kwenye santuri ile ulikuwa bado unamrudisha. Kila ilipopigwa, gitaa kavu lilitangulia, ngoma ikafuata bila haraka ya kwenda popote, kisha waimbaji wakapokezana sauti kama ndugu wanaopandisha kabati ngazini. Hapo mzee alimgeukia na kusema, "Mke wangu." Tangu santuri iharibike, akawa anamwita dada.

Mwana wao akaleta nyimbo zile zile kwenye simu. "Sikia, Mama. Safi kabisa, hazina hata mkwaruzo."

"Ndiyo ubaya wake, baba."

Safi zilikuwa safi. Hata kinanda kilichokuwa kikinong'ona nyuma kilisikika sasa. Mzee akautazama ukuta tu.

Mkwaruzo wa santuri aliutia Mama mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, alipocheza akaigonga meza kwa nyonga. Tangu siku hiyo, upande wa pili, wimbo wa tatu, mwimbaji alikwama kwenye neno moja mpaka seremala apige sakafu kwa kisigino na sindano iruke. Watu walimshauri anunue nyingine. "Hiyo nyingine haina mke wangu ndani," aliwajibu.

Wimbo wa tatu ulipofika mahali pale, mwimbaji alipita moja kwa moja, hana habari. Mama akaizima simu. Akaliimba lile neno yeye, akalirudia, akalirudia tena, sauti ikamkauka na machozi yakamtoka.

"Mama, basi. Majirani watasemaje?"

"Waseme!" Mfa maji haachi kutapatapa. Akaendelea.

Kisigino cha mzee kikapiga sakafu, pa!

Mama akaruka hadi mstari unaofuata, akiimba na kulia kwa pamoja. Mzee akacheka, uso wote ukafunguka. Akamshika mkono.

"Dada, kumbe unaujua huu! Usiondoke, tafadhali." Akaelekeza uso jikoni, akapaza sauti: "Mke wangu! Njoo usikie!"

"Abee, mume wangu," akaitika, mkono wake ukiwa bado mkononi mwa mumewe.

Mzee aliendelea kuutazama mlango wa jikoni.