Jogoo wa Wakwe

Linet ni mtoto wangu wa kumzaa, lakini siku ile ningemgawa bure. Wakwe wanakuja kutoka Kehancha kutuona kwa mara ya kwanza, naye ananiambia, "Mama, hakuna nyama. Tupike vitu vya shamba letu. Kama wananitaka, wanitake na chakula changu."

Aliacha nyama mwaka jana, baada ya kufanya kazi mahali ambapo kuku wa kisasa walisongamana hata kugeuka hawawezi. Sikumkataza. Mboga nalima mwenyewe hapa Rangwe, na wiki nzima hupita bila mtu kukumbuka bucha. Lakini mkwe! Kwetu sisi Wajaluo, mgeni asipowekewa kuku hajala, hata ashibe mpaka akorome. Mume wangu Clifford alisema tu, "Watarudi kwao wakisema tumewalisha majani," kisha akajificha nyuma ya gazeti.

Nikakubali kwa mdomo. Kwa mikono, nilimfunga jogoo wangu mwekundu kamba mguuni nyuma ya jikoni, na kisu nikakificha chini ya karai.

Akeyo nilianza kuipika Alhamisi. Mboga ile ni chungu kweli. Unaichemsha, unaitia maziwa, unailaza, kesho unaiongezea maziwa tena mpaka uchungu uishe. Kufika Jumamosi ilikuwa laini na inanukia. Tukaandaa na omena, dagaa wa ziwani ambao Linet bado anakula, na ugali wa mtama na muhogo.

Wakaja wawili: Magige, kijana mwenyewe, na mama yake Nyangi, mwanamke mrefu mwenye macho ya kukagua ng'ombe sokoni. Alinawa mikono, akafunua bakuli moja, la pili, la tatu. Akafunika yote.

"Mama Linet, kuku iko wapi?"

Linet aliinamisha kichwa. Nilimwona anavyojikaza asilie, na hasira yangu yote ikageuka huruma. Nikasimama niende nikachinje. Kabla sijafika mlangoni, jogoo aliingia mwenyewe akiburuta kamba, akarukia kochi, akatua kando ya Nyangi na kuwika.

Nyangi alicheka mpaka kilemba kikamtoka kichwani.

"Hii ndiyo ilikuwa yangu?"

"Ndiyo, mama. Nilimfunga nikiogopa aibu. Linet ndiye hataki achinjwe."

"Basi usichinje. Nipe hai, niende nayo ikazae na kuku wangu. Mimi niliuliza juu nilidhani mmetudharau. Kumbe heshima iko, mmeifunga kamba tu!" Akafunua tena bakuli la akeyo. "Leteni ugali."

Aliongeza akeyo mara mbili, mwishowe akalikomba bakuli kwa kidole, Magige akiona haya kwa niaba yake. Mimi nilitamani kumkumbatia.

Jogoo alisafiri hadi Kehancha ndani ya kikapu, kichwa nje. Siku hizi Nyangi hunipigia simu asubuhi na hata hanisalimii. Anaielekeza simu bandani, namsikia jogoo wangu akiwika. Juzi nilisikia na vifaranga.

"Hao ni wajukuu wetu wa kwanza," akasema. "Mwambie Linet asikawie kuja. Na hapa hakuna mtu atashika kisu. Siku ya harusi tunakula akeyo, na ni yeye atanifundisha kupika."

Nikamwita Linet kutoka shambani, nikampa simu asikie mwenyewe.