Shuka Hukunjwa na Wawili

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, hulivuta likanyooka, kisha husogeleana mpaka vidole vigusane na mmoja apokee pembe za mwenzake. Mama mmoja alikuwa akiifanya kazi hiyo miaka nenda rudi, kwenye chumba cha kufulia chenye joto la kumaliza mtu. Na miaka hiyo yote mwenzake wa zamu, mwanamke mweupe mcheshi kweli kweli, alikunja na weupe wenzake mikono mitupu. Akipangwa na mama, mweusi pekee mle ndani, anavaa glavu. Shuka lenyewe limeshachemshwa, safi kabisa.

Siku hiyo mama alichoka kunyamaza, akamweleza msimamizi habari ya glavu.

"Na wewe, dada," msimamizi alicheka. "Yule ana utani wake. Usiwe mwepesi wa kuumia. Kila kitu rangi, rangi, kazi tutafanya saa ngapi?"

Mama akajibu kama alivyojibu siku zote: "Basi, yaishe." Hayakuisha. Alirudi nayo nyumbani.

Jioni alianua nguo, akamwita binti yake wakunje shuka. Binti alishika pembe zake lakini hakusogea.

"Mama, shuleni wananiita Makaa. Leo mwalimu naye kaniita hivyo. Darasa zima likacheka."

Mgongo ulikuwa unamuuma mama, miguu inawaka moto, na kapu la nguo bado limejaa. Alitaka kumaliza tu akalale.

"Wanakutania, mwanangu. Usiwe mwepesi wa kuumia."

Yalimtoka bila kufikiri. Akasikia sauti ya msimamizi kinywani mwake mwenyewe.

Binti alimtazama kidogo. Kisha akasogea, akamkabidhi pembe zake.

"Basi, yaishe," alisema.

"Hayajaisha." Mama alimshika kiganja, shuka likaburuta sakafuni. "Nimekosea. Hebu kaa hapa uniambie, huyo mwalimu alisema nini hasa?"

Binti alitoa mkono wake taratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililomuumiza mama zaidi, kwamba hakukuwa na hasira.

"Hamna kitu, mama. Nilikuwa natania tu."

Akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.