Rangi ya Kijani Mkiani

Kijijini kwetu hapa Kambria mtu husamehewa kutokwenda kanisani, husamehewa hata kulewa mchana. Kulisha kindi wa kijivu hasamehewi. Basi Thelma Birkett, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaeneza kwamba anayewalisha ni mimi, Enid.

"Wanatokea uani kwako," aliniambia mlangoni pa duka la mikate, watu wakisikia. "Leo nanasa mmoja, kesho namkuta mwingine. Wanaitwa na mtu hao."

"Ala! Nimeshakuwa mganga wa kuita kindi?"

"Fanya mzaha tu. Kindi wekundu wakiisha bondeni hapa, sijui utamfanyia nani mzaha."

Hapo alinipata. Wekundu ndio wenyeji wetu. Wa kijivu ni wageni, wakubwa na walafi, tena wanabeba ndui ambayo wao haiwadhuru, lakini mwekundu akila walipokula wao anakufa. Nina kisanduku cha njugu ukutani, alikiunda marehemu mume wangu, na kila asubuhi jike mmoja mwekundu mwenye sikio lililochanika hufunua kifuniko kwa kichwa na kula. Nakiosha kwa maji ya jiki kila Jumamosi. Sasa Thelma alitaka kikundi cha kijiji cha kulinda kindi wekundu kikutane Ijumaa na kuamua kukiondoa. Kikiondoka, jike wangu haji tena, na mimi nitazikwa na jina baya.

Nikaanza kushuku watu. Nilimshuku kasisi, kwa kuwa mifuko yake haikosi makombo ya biskuti. Nilimshuku tarishi. Ile familia mpya iliyotoka mji wa Leeds niliishuku kwa sababu tu inatoka Leeds.

Jumatano kindi wa kijivu akarukia ukuta wangu. Mkiani ana rangi ya kijani.

Nikaacha chai yangu ikapoa. Jumatatu Thelma alikuwa ameupaka mtego wake wa waya rangi ya kijani, maana waya unaong'aa huwatisha, na kwa haraka zake akautega kabla rangi haijakauka. Alikuja dukani kucha ya kidole gumba ikiwa kijani tupu, akijisifu kwamba tayari amenasa mmoja. Na kwetu kindi wa kijivu akishanaswa haachiwi, sheria imekataza. Huuawa papo hapo. Kazi hiyo ni ya Norman, mumewe. Huuchukua mtego na gunia, huzunguka nyuma ya banda, hurudi na mtego mtupu na kusema, "Tayari." Sasa maiti wa Jumatatu anakula nini ukutani kwangu?

Kesho yake nikajibanza nyuma ya ua na ndoo yangu ya makaa. Norman akatokea kando ya kijito, mtego chini ya gunia. Akachutama penye tundu la ua wangu, akainua mlango wa mtego.

"Haya, bwana mdogo, kimbia. Usirudi."

"Atarudi tu, Norman."

Nusura adondoke kijitoni. "Enid! Usinichongee kwa Thelma, nakuomba. Wa kwanza nilimpiga. Hakufa. Akawa ananitazama."

"Ndio ukaamua kuwamwaga kwangu?"

"Kwetu angewaona."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaniwaka. Kijiji kizima kinanipa kisogo kwa ajili ya mwanamume asiyeweza kumwambia mkewe kwamba hana roho ya kuua! Kikulacho ki nguoni mwako, na Thelma anazunguka kupekua nguo za wenzake.

"Mwambie kabla ya Ijumaa," nilisema. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Aliitikia kwa kichwa. Sikumwamini.

Ijumaa asubuhi mlango wangu wa bustanini ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Thelma, mikononi ana taulo la vyombo. Nyuma yake Norman, kofia mkononi, anatazama viatu vyake.

"Tazama kazi yako!" Thelma akafunua taulo. "Tazama macho yake, Enid!"

Alikuwa jike wangu, yule wa sikio lililochanika. Kope zimevimba na kujaa vigaga, mwili baridi. Thelma alikuwa analia waziwazi, na mimi machozi yakanitoka. Nikamtazama Norman. Alikuwa hajamwambia.

Kifuniko cha kisanduku kikagonga ukutani. Tukageuka sote watatu. Wa kijivu alikuwa ameketi pale, anatafuna njugu, mkia wake wa kijani umeinuka juu.

Thelma aliutazama ule mkia. Kisha akaitazama kucha yake ya kidole gumba, ambayo rangi haijamtoka. Kisha akamgeukia mumewe.

"Norman. Huyu si ndiye uliyesema umemmaliza Jumatatu?"

"Thelma, mke wangu..."

"Na wale wengine?"

Norman akaonyesha kwa kofia lile tundu la ua wangu.

"Shika." Akampa taulo na kilichomo, akamkunjia vidole juu yake ili asiliangushe. Hata mimi hakuweza kunitazama. "Enid, una jembe?"

Nikaleta jembe, nikampa Norman achimbe kaburi. Halafu nikachukua bisibisi nikaenda kukiondoa kisanduku cha marehemu kwa mkono wangu mwenyewe, maana palipoingia ndui njugu haziwekwi tena.