Siku Arobaini za Leiden

Simu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, kati ya kopo la sukari na bakuli la nazi, na Saida hakuiondolea macho. Ilikuwa siku ya tatu ya kusubiri. Burhani, yule wa duka la fotokopi hapo mtaani kwao Mayfair aliyewajazia fomu za viza, aliwaambia waziwazi: "Watu wa ubalozi wanapiga mara moja tu, tena kwa namba iliyofichwa. Msipopokea, faili linafungwa. Mkipokea mkababaika, linafungwa vilevile."

Saida alikuwa mwoga wa simu tangu utotoni. Chuoni alisomea ualimu wa chekechea kwa sababu, kama alivyowahi kumwambia dada yake, watoto wa miaka minne hawakupigii simu. Lakini Kiingereza cha mama yake, Bi Zuhura, kilikuwa cha kuuzia sambusa msikitini baada ya Ijumaa, hakikuzidi hapo. Kwa hiyo kwenye fomu, mahali pa mkalimani, Burhani aliandika jina la Saida bila hata kumuuliza.

"Tuanze tena, mama. Siku ya kwanza."

Bi Zuhura alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, mguu wa kulia kaunyoosha kwa ajili ya goti. Aliangalia jiko la gesi.

"Kinu cha upepo. Kirefu, ghorofa saba, ndani makumbusho. Unapanda mpaka juu." Akahamisha macho kwenye friji. "Ngome ya zamani, iko kilimani katikati ya mji." Sinki. "Mifereji, tunatembea kwa boti." Kabati la vyombo. "Bustani ya mimea ya chuo kikuu, ina zaidi ya miaka mia nne." Mlango. "Kuta za nyumba zilizoandikwa mashairi ya lugha mbalimbali." Dirisha. "Soko, Jumatano na Jumamosi, kando ya maji."

"Na tarehe tatu Oktoba?"

"Sherehe ya mji. Wanakula samaki na mkate mweupe, na viazi vilivyopondwa na karoti." Akaacha kukuna. "Hivi kweli mji mzima unatoka barabarani kwa ajili ya viazi?"

"Walizingirwa na maadui, mama, wakafa kwa njaa. Waliponusurika, chakula cha kwanza ndicho hicho."

"Basi wana haki yao."

Kuupanga mji wa Leiden humo jikoni lilikuwa wazo la Bi Zuhura mwenyewe, maana majina yalimponyoka akiyasoma kwenye karatasi. Saida ndiye aliyeyatafuta kwenye mtandao, akachagua vitu vizuri kimoja kimoja, na kila alichokiongeza kilimtia hofu zaidi. Kwa sababu mama yake hakuwa anakwenda kuona kinu.

Ummi, mtoto wa kwanza wa Bi Zuhura, aliishi Leiden na mumewe Luqman, na alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua. Bi Zuhura alikuwa anakwenda kumkanda mwanawe kwa maji ya moto, kumfunga mkaja tumbo lirudi, kumwogesha mtoto, na kukaa naye mpaka arobaini itoke, kama mama yake alivyomfanyia yeye kule Tanga. Hilo halikuandikwa popote. Burhani alipouliza sababu ya safari, Bi Zuhura alijibu kabla Saida hajafungua mdomo: "Kutembea."

Saida alijua kwa nini. Miaka miwili nyuma Ummi aliwatumia picha ya kipimo, kitu kidogo cheusi na cheupe mfano wa njugu, na Saida kwa furaha akaiweka kwenye status ya simu yake, kila mtu akaiona. Majirani, watu wa Tanga, wasichana wa chuo. Siku ya tisa ujauzito ukatoka. Hakuna aliyemlaumu. Mama yake alisema tu, "Macho ya watu, mwanangu," akaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo Saida hakuweka tena picha yoyote mahali popote. Mwalimu wa chuo angemwambia mimba nyingi hutoka, na hata yeye angeweza kumwambia mtu mwingine hivyo. Mwenyewe hakuweza kujiambia.

Saa nne kasoro dakika kumi simu ikatetemeka, ikasogea mpaka ikagusa kopo la sukari. Namba imefichwa.

"Pokea," Bi Zuhura alisema.

Vidole vya Saida vilikuwa na unyevu, skrini ikagoma mara mbili. Mara ya tatu ikakubali. Akaweka spika.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Saida zaidi. Alitaja namba ya faili, akathibitisha majina, akasema maongezi yanarekodiwa. Kisha: "Muulize mama yako, atafanya nini Leiden?"

Saida akatafsiri. Bi Zuhura akaweka mikono magotini, akauzunguka mji: jiko, friji, sinki, kabati, mlango, dirisha. Hakukosea hata kimoja. Saida alikigeuza kila kimoja kwa Kiingereza, akisikia sauti yake ikizidi kuwa nyembamba.

"Vizuri sana," mwanamke alisema. "Mimi nilisoma Leiden. Mji huo unaumaliza wikiendi moja, na Jumapili jioni unabaki na muda wa kahawa. Yeye ameomba siku arobaini. Kwa nini arobaini?"

Saida akatafsiri polepole. Mama yake akaangalia jiko, kisha dirisha. Mle jikoni hamkuwa na kitu kilichobeba jibu hilo.

"Mwambie napenda kutazama kitu kwa utulivu."

Saida akasema. Kwenye spika karatasi zikafunuliwa.

"Hapa kwenye fomu ya bima imeandikwa alipasuliwa goti mwezi wa Machi. Siku ya kwanza ya ratiba anapanda kinu cha ghorofa saba. Nimekipanda kinu hicho. Ngazi zake zimesimama wima."

"Anasemaje?" Bi Zuhura aliuliza.

"Goti, mama. Anauliza goti na kinu."

"Mwambie nitapanda taratibu. Nitashika chuma."

Saida akalitafsiri hilo pia, na alipomaliza alitamani sakafu immeze. Nje, teksi ilipiga honi mara mbili kuita abiria, ikaondoka.

"Saida," mwanamke alisema, sasa taratibu zaidi. "Nina faili nyingi leo. Hili lako, lilivyo, nitaandika kwamba sababu ya safari haieleweki, na hapo ndipo linapoishia. Kabla sijaandika, kuna jambo mngependa kuongeza?"

Bi Zuhura hakuhitaji tafsiri. Aliinua kidole, akakiweka midomoni, akatikisa kichwa.

Saida aliangalia kidole kile, kina chicha za nazi kwenye kucha. Akakumbuka sauti ya Ummi, ujumbe wa juzi, aliousikiliza bafuni mama asisikie: "Luqman yuko zamu mpaka asubuhi. Mkunga hapa ni mzuri lakini anaongea na karatasi zake. Naogopa, Saida. Namtaka mama tu. Mwambie afanye haraka." Ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia kulia asimshtue aliye tumboni.

Akisema, na likatokea la kutokea, safari hii itakuwa ni mdomo wake. Akinyamaza, Ummi atajifungua peke yake.

"Dada yangu anakaribia kujifungua," Saida alisema kwa Kiingereza. Maneno yalitoka upesi, kama anayetema kitu cha moto. "Kwetu mama ndiye anayemtunza mzazi, siku arobaini. Hatukuandika kwa sababu kwetu hatulitangazi mpaka mtoto azaliwe. La kwanza lilitangazwa. Nililitangaza mimi."

Bi Zuhura alifumba macho. Midomo yake ikaanza kusoma dua bila sauti.

Sauti ya mwanamke ilikuwa ileile ya ofisini. "Hiyo ni sababu inayoeleweka. Ratiba haikuhitajika. Mkunga wa dada yako aandike barua, tuletewe leo kabla ya saa kumi jioni. Siahidi chochote." Simu ikakatika.

Saida hakuthubutu kugeuka. Alisikia mama yake akiinuka kwa taabu, akishika meza, kisha akasikia bomba la maji.

"Mama."

"Mtafute dada yako, apate barua," Bi Zuhura alisema akiwa amempa mgongo. "Usimwambie nilikukataza."

Barua ilitumwa saa tisa na dakika arobaini. Wakangoja siku kumi na moja. Kila Ummi alipochelewa kujibu ujumbe, Saida alikaa kitandani akihesabu dakika, akijiona yeye ndiye aliyekwisha kulitenda. Bi Zuhura alifunga Jumatatu na Alhamisi. Hawakulizungumza.

Bahasha ilipofika, mama aligoma kuishika. Saida aliichana yeye. Ukurasa wa tisa wa pasipoti ulikuwa na viza, siku arobaini na tano. Bi Zuhura aliigusa kwa ncha ya kidole, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akaenda kufungua sanduku. Akapanga chini mkaja mweupe, chupa ya mafuta ya nazi, kanga mbili za kuukuu zilizolainika.

Marcelline, jirani Mkongomani anayesuka nywele nyumba ya pili, alichungulia mlangoni akaona sanduku.

"Eish, Mama Ummi, kumbe ni kweli unaenda Ulaya. Kule iko nini ya kuona?"

Bi Zuhura hakuinua kichwa. Aliangalia jiko.

"Kuna kinu cha upepo," alisema. "Kirefu, ghorofa saba. Nitakipanda taratibu."

"Na hilo goti?"

"Nitashika chuma."

Marcelline alicheka, akamtakia safari njema, akaenda zake. Bi Zuhura alivuta kanga moja, akaufunika mkaja vizuri, pembe hadi pembe, usionekane hata uzi. Kisha akamtazama Saida kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

"Kaa hapa karibu na simu," alisema. "Dada yako leo hajapiga."