Baba Amesoma

Kazi yangu ni kushona mapazia, kwa hiyo habari za kuchungulia nazijua kuliko watu wengi. Mteja akiingia dukani, kabla hata hajachagua rangi, huuliza kwanza kama mtu akisimama nje ataona ndani. Mimi hukiinua kitambaa mbele ya dirisha, nikaweka kiganja nyuma yake. Ukiviona vidole vyangu, kitambaa hicho hakifai chumbani. Kipimo hicho hakijawahi kuniangusha, na ndiyo maana nilipandwa na hasira kuliko mtu yeyote siku Shemeji alipotokea kwa Nesi.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu, ambaye wote tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba wetu. Nasema mume kwa sababu talaka haijatoka. Moyoni mwangu nilishamwacha kwa niaba yake. Kitinda alikuja kwangu asubuhi moja amevaa kandambili mguu mmoja, mkono ameukumbatia kifuani, na hospitali wakasema umevunjika. Alipoulizwa akasema ameanguka kwenye ngazi. Nyumba yao haina ngazi.

Tukamficha kwa Nesi, muuguzi mstaafu anayepangisha vyumba nyuma ya nyumba yake. Nesi hajuani na mtu yeyote wa upande wa Shemeji, na kwa ukali wake sidhani kama anajuana na mtu yeyote wa upande wowote. Lakini Shemeji alifika na mfuko wa machungwa, akabisha hodi kwa adabu, akaomba kumwona mke wake, yule wa chumba cha mwisho chenye mlango wa kijani. Nesi alimjibu kwa ndoo ya maji ya sabuni. Kitinda alikuwa chini ya kitanda, akinipigia simu kwa kunong'ona.

"Dada, amejua mpaka rangi ya mlango!"

Maneno hayo yalininyima raha kabisa. Nani alijua rangi ya mlango? Niliupiga picha mimi mwenyewe na kuituma kwenye kundi letu la familia, chini yake nikaandika kuwa ni chumba cha mwisho kwa Nesi, ili Mama aone mtoto wake amefikia pazuri. Kundi hilo linaitwa Nyumbani. Alilianzisha Baba enzi za uhai wake, na ndani yake tulikuwa Mama, mimi, Kaka ambaye ni dereva wa lori, mkewe ambaye ni wifi yangu, Kitinda, na Baba mwenyewe. Ndiyo, Baba alifariki, huu ni mwaka wa pili, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa. Kaka aliwahi kusema kumtoa ni kumzika mara ya pili, mjadala ukaishia hapo. Picha yake ya kofia ikabaki pale kati yetu. Shemeji naye alikuwemo, ila siku ile ya mkono nilimwondoa kwa kidole changu mwenyewe, nikajiona nimefunga mlango na kutia komeo.

Basi aliyevujisha alikuwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sikuchelewa kuichagua nguo. Nilimchagua Wifi.

Sababu nilikuwa nazo tele. Wifi ni msusi, na saluni hakuna anayefika na siri akaondoka nayo. Dada yake Shemeji anasukwa palepale. Tena Wifi ni mkimya, na mimi mtu mkimya simwelewi. Najiuliza maneno yake anayapeleka wapi. Haya, na mambo ya mawifi nani asiyeyajua?

Nikamhamisha Kitinda kwa mteja wangu mmoja, mwalimu mjane anayeishi ghorofani. Safari hii nilipiga marufuku kuandika. Nilimwambia Mama tukiwa tumekaa kitandani kwake, na Kaka nikamwambia akiwa amesimama kando ya lori lake, injini ikinguruma.

"Neno hata moja lisiingie kwenye grupu," nikamwambia. "Hili ni la mdomo na sikio. Na mkeo usimwambie."

"Mke wangu amekukosea nini?"

"Bado natafuta."

Kwenye kundi tukabaki kuulizana hali na kutumiana picha za maua ya Mama. Dirisha la mwalimu nililitundikia pazia zito, nikalipima kwa kiganja, sikuona hata kivuli. Na bado, siku chache baadaye, Kitinda alisogeza ncha ya pazia kidogo tu, akamwona Shemeji ng'ambo ya barabara ameegemea nguzo. Alikuwa ametazama juu, dirisha lilelile. Akainua mkono, akampungia.

Kitinda aliponipigia hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Dada, acha nirudi tu," alisema. "Kila mnaponificha anapajua. Nimechoka. Pengine nikirudi mwenyewe atatulia."

"Ukirudi atakuvunja mkono wa pili!"

"Angalau sitakuwa nangoja."

Nilimwapisha anipe siku ile moja tu. Kisha nikafunga duka, nikaenda saluni kwa Wifi, damu ikinichemka. Nilimkuta ameshika chanuo, kichwa cha mteja kati ya magoti yake. Mwingine alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia.

"Wifi, umemwambia."

"Nimemwambia nani, na nini?"

"Usinifanye mtoto. Kaka alijua Kitinda yuko wapi, na wewe unalala naye kitanda kimoja."

Yule wa kwenye mashine akatoa kichwa nje ili asikie vizuri. Wifi aliweka chanuo chini taratibu.

"Kaka yako hajaniambia kitu," akasema. "Nilimuuliza mtoto yuko wapi nimpelekee hata nguo, akasema dada yake amemkataza. Tumenuniana tangu siku hiyo kwa ajili yako. Mpaka sasa sijui Kitinda yuko wapi, na ukiendelea kupayuka nitajua pamoja na wateja wangu."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Wifi akafuta mikono yake, akaunyoosha mkono.

"Lete simu yako. Ile picha ya mlango uliituma wewe, si ndiyo? Umewahi kutazama nani ameisoma?"

Sikuwahi. Mimi nilijua tiki zikiwa bluu basi watu wote wamesoma, yameisha. Wifi aliitafuta ile picha, akaibonyeza na kuishikilia, orodha ya waliosoma ikafunguka. Alikuwepo Mama. Alikuwepo Kaka. Kitinda, Wifi mwenyewe. Na chini yao, pamoja na kofia yake, alikuwepo Baba.

"Ni simu imeharibika hii," nikasema, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Tangu Baba afariki tiki za grupu letu hazikuwahi kuwa bluu," Wifi akasema polepole. "Si alikuwa amebaki mmoja asiyesoma? Juzi zilipogeuka bluu nilifikiri mmemtoa kimyakimya, nikaona si mahali pangu kuuliza. Wifi, simu ya marehemu mlimpa nani?"

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Baada ya matanga Mama alimpa Shemeji ile simu, kwa kuwa ni fundi simu, atutolee picha za Baba. Alirudi baada ya muda, uso wa huzuni, akasema, "Imekufa, Mama. Haifufuki." Tukampa pole yeye aliyehangaika. Hatukudai hata maiti yake. Nami nilipomtoa Shemeji mlangoni, alizunguka akaingia dirishani na kukaa kwenye kiti cha baba yangu.

"Sawa, mlango aliuona kwenye picha," Wifi akasema. "Lakini mahali pa pili hamkupaandika, amepajuaje?"

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumshuku. Aliyebaki alikuwa Mama.

"Wifi yangu, nisamehe," nikasema.

"Nitakusamehe siku utakayokaa hapa nikusuke hizo nywele, maana zinaniaibisha. Twende."

Mama tulimkuta kibarazani akimwagilia maua. Nilipomwomba simu yake aliishika kwa mikono miwili.

"Simu ya mtu mzima ni kama nguo yake ya ndani," akasema. "Haichunguliwi ovyo."

"Mama, ni habari ya Kitinda."

Akanitazama, kisha akanipa. Sikulazimika kutafuta. Mazungumzo ya kwanza kabisa juu yalikuwa ya Baba. Mama alikuwa akimwandikia kila asubuhi. Baba watoto, leo mvua imenyesha. Baba watoto, nimeota umenikasirikia, nilikosa nini? Ujumbe wa zamani ulikuwa na tiki moja ya kijivu, mwingi, ukurasa kwa ukurasa. Halafu kuanzia siku ile niliyomwondoa Shemeji, tiki zikawa mbili, zote bluu. Na katikati yake nikausoma huu: Baba watoto, mtoto wetu tumemhamishia kwa mwalimu, juu ya lile duka la vyombo, dirisha lake linatazama barabarani, usiwe na wasiwasi.

Wifi ndiye aliyeuliza, kwa upole ambao mimi sina.

"Mama, hukuona kwamba zinasomwa?"

"Niliona." Mama akaliweka chini kopo la maji. "Mimi si mwendawazimu. Najua wafu hawasomi. Nilisema labda laini yake wamempa mtu mwingine, mgeni asiyenijua. Nikaona heri mgeni anayesoma kuliko kuongea na ukuta. Sikuwaambia kwa sababu mngenikataza." Akakung'uta maji vidoleni. "Siku moja iliandika pale juu: Baba anaandika. Mnajua niliacha sufuria jikoni ikaungua? Nilikaa hapahapa nikingoja mpaka giza likaingia. Hakuandika kitu."

Nikamwambia aliyekuwa akiandika ni nani. Nilitegemea atalia. Hakulia. Uso wake ulikunjamana, akauliza, "Yule aliyeniambia imekufa?"

"Huyo huyo."

"Basi amesoma mpaka yale ya mimi na mume wangu." Akaona aibu mbele ya watoto wake, Mama yetu, ambaye hakuwa amekosa lolote, na mimi nikaona ningeweza kumrarua mtu kwa mikono yangu. Lakini yeye alikuwa ameshaichukua simu. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akatuonyesha kabla hajatuma: Baba watoto, kesho asubuhi Kitinda atakuwa dukani kwa dada yake, peke yake.

Hakuwa hata ameiweka simu chini, tiki zikageuka bluu.

Asubuhi ile duka langu lilikuwa na mapazia mengi kuliko kawaida, na nyuma ya kila moja kulikuwa na mtu. Kaka aliliacha lori. Wifi alifunga saluni. Nilimleta pia yule askari wa kike ambaye mwanzoni, nilipomshtaki Shemeji, aliniambia bila ushahidi mikono yake imefungwa. Nesi alikuja bila kualikwa. Kitinda tulimwacha kwa mwalimu, mlango umefungwa kwa funguo, mwalimu mwenyewe amekaa nyuma yake.

Shemeji aliingia akitabasamu. Tabasamu likapungua alipomkuta Mama amekaa kwenye kiti changu, peke yake, simu mapajani.

"Karibu, mkwe."

"Mama! Nilikuwa napita tu, nikasema nisalimie."

"Umefanya vizuri. Subiri kidogo, kuna mtu nampigia."

Akabonyeza. Baba alikuwa mtu wa mizaha, simu yake aliitegeshea mlio wa jogoo, na kila alipopigiwa kanisani au msibani tulitamani ardhi itumeze. Sikuwa nimeusikia tangu tumzike. Ukalia sasa, mfukoni mwa koti la Shemeji, jogoo akiwika kwa nguvu zake zote, na nyuma ya pazia mimi nikajiziba mdomo.

"Pokea," Mama akasema. "Nampigia mume wangu."

Shemeji alishika mfuko kana kwamba angeweza kumnyamazisha. Akarudi nyuma hatua moja, na Kaka akawa ameshasimama mlangoni. Askari alitoka akanyoosha mkono kuomba simu. Ndani yake alikuta picha ya mlango wa kijani, ujumbe wote wa Mama, na ramani ya mtaa wa mwalimu. Safari hii mikono yake haikuwa imefungwa. Nesi alimsindikiza Shemeji mpaka nje kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kitinda alipoletwa, nilimsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo sikuwa nimesalitiwa na yeyote kati yenu?" Nikasema hapana. Ndipo akalia, na hakutaja tena habari ya kurudi.

Jioni yake Mama aliniomba nimwelekeze anavyotolewa mtu kwenye kundi. Nikamwambia nitamfanyia. Akakataa. "Niliolewa naye mimi," akasema. Nikamwonyesha pa kubonyeza, kisha nikageuka kutazama dirishani, kwa sababu kuna mambo mtu hachungulii. Simu yangu ikatetemeka mkononi: Mama amemwondoa Baba. Hakuna aliyeandika neno chini yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeinama kwenye cherehani simu ilipoita. Ujumbe ulitoka kwa Mama, kwangu peke yangu, haukuwa na salamu wala jina: Leo mvua imenyesha. Yale maua yaliyokuwa yamenyauka yameinuka.

Nilipoufungua nilijua kwake tiki zimegeuka bluu. Nikaacha cherehani, nikaanza kuandika haraka, nisije nikamwacha tena anangoja.